Nyegezi, Kando ya Mkono wa Ziwa

Basi la kutoka Dar es Salaam lilituteremsha stendi ya Nyegezi alfajiri, miguu imevimba kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Wapiga debe walikuwa wakiita Buhongwa, Butimba, mjini. Abiria wenzangu wakadandia daladala, wakaondoka. Kwa wasafiri wengi Nyegezi ni stendi tu. Mimi nilikuwa nimefika: shangazi anakaa Malimbe, kilomita nne hivi kutoka barabara kuu ya Shinyanga.

Bajaji ilipokata kona kuelekea ziwani, kulikuwa kumeanza kupambazuka, nikayaona mawe. Matale makubwa kuliko nyumba, moja juu ya jingine, na watu wamejenga katikati yake. Nyumba moja ilikuwa imeliegemea jiwe kama ukuta wa nyuma; juu ya jiwe hilo nguo zilikuwa zimeanikwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Lakini asubuhi huku tunasema mwangaluka, na unajibu vivyo hivyo." Akanitengea chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, nikala hadi haya zikaniisha.

Tulishuka ufukweni. Tangu shule ya msingi nilijua Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, basi nikatarajia maji yasiyo na mwisho. Mbele yangu kulikuwa na vilima, ng'ambo kabisa. "Kule ni Sengerema," shangazi akasema. "Hii ni ghuba. Ziwa lenyewe limefunguka kaskazini." Ghuba ya Mwanza ni mkono wa maji unaoingia nchi kavu kuelekea kusini kwa takriban kilomita 60, na Nyegezi iko ukingoni mwake, upande wa mashariki. Nilipoelewa hilo, mengine yote ya mahali hapa yalianza kujipanga kichwani.

Ni ghuba hii aliyoikuta mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Tabora mwaka 1858, kabla ya kuliona ziwa wazi akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa nalo jina: Nyanza. Ni ghuba hii iliyowaweka watu foleni ya kivuko pale Kigongo miaka nenda rudi, hadi daraja la kwenda Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilipofunguliwa Juni 2025. Kwenye kingo zake Wakatoliki, chini ya Askofu Joseph Blomjous, walianzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Chuo cha uvuvi nacho kiko Nyegezi.

Mvuvi mmoja, mzee, alikuwa ameketi kwenye mtumbwi na ndoo ya furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Akanionyesha mmoja ubavuni mwa kidole gumba: mwili wa manjano wenye mistari myeusi, mgongo mwekundu kama kaa la moto. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa ghuba hii mwaka 1977, na mwaka 1985 aina mojawapo ikapewa jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Lakini sangara, aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, alifurika hapa miaka ya 1980 akiwala furu, na aina nyingi zao zikatoweka, nyingine hata hazijapewa jina. Hilo liliniuma kuliko yote niliyoyasikia siku ile.

"Huyu ni chambo," mzee akasema, akamtunga kwenye ndoana ya sangara.

Nilimuuliza anajuaje pa kutega katikati ya maji. Akanyoosha mkono: jiwe lile la pwani likisimama sawasawa na lile la mlimani, hapo ndipo. Kila pembe ya ghuba ina mawe yake mawili, na alifundishwa na baba yake.

Hana daftari wala ramani. Vyuo viwili viko jirani naye. Nawaomba wanafunzi wa Nyegezi: mmoja wenu ashuke jioni moja na kalamu, akae naye mtumbwini, aandike mawe hayo na furu anaowakumbuka, angali yupo.