Udi Ulionionyesha Pa Kufunga Feni

Biashara yangu ni bagia na samaki wa kukaanga, na jiko langu liko ndani ya nyumba, hapa Tanga. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkaangaji lazima anuke. Dari lilikuwa la manjano, pazia lilinata mafuta, na sare za watoto zilizoanikwa ukumbini zilikwenda shule na harufu ya vibua. Kikohozi cha jioni nilikiita cha kazi.

Nilipopata fedha za feni ya kutolea moshi, fundi alitaka kuifunga juu ya mlango. "Mama, umeme uko hapa hapa, waya hauendi mbali." Nikamwomba asubiri. Niliwasha kijiti cha udi, nikafungua mlango, nikasimama nacho penye jiko. Moshi ulinyooka juu hadi karibu na dari, kisha ukalalia upande ulio mbali na mlango. Kumbe hewa yangu huingilia mlangoni! Feni ingekaa pale, moshi ungevuka jiko zima na kunipitia usoni ndipo utoke. Fundi akasema basi tuiweke kando ya dirisha. Hapo napo ingevuta hewa safi ya dirishani na kuirudisha nje, moshi nikabaki nao mimi.

Tulichagua ukuta wa magharibi, juu ya jiko, chini kidogo ya dari, mkabala na mlango. Upepo wa kusi haupigi huko, wala wa kaskazi. Zote mbili hapa kwetu hutokea upande wa bahari, na feni inayotazama upepo hushindana nao. Waya ukaongezeka, na malipo ya fundi pia.

Siku hizi nakaanga huku nikipiga soga na wateja. Mafuta mengi huishia kwenye mapanga ya feni. Nazima umeme, nayaosha kwa maji moto na sabuni. Mlango nauacha wazi, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Jiko la mkaa nimelihamishia uani moja kwa moja: kaboni monoksidi haina harufu, kwa hiyo pua kutulia si ushahidi kwamba feni imeimaliza.

Majirani huja kuniuliza bei ya feni. Mimi huwauliza kwanza hewa yao inaingilia wapi.