Nusura tela litupeleke Mto Mzinga!

Kama una kigari kidogo cha kupandia mchanga na umechoka kukesha baa kila wikiendi, vuta kiti nikupe kisa. Kimenigharimu noti, kikanitoa jasho, na nusura kinikoseshe mke.

Mimi ni mtu wa Tandika. Mchumba wangu yuko Mwananyamala. Jumamosi zetu zote zilikuwa zile zile: nyama choma, muziki wa kupasua masikio, na ikifika saa sita usiku mfuko mtupu. Siku moja akaniangalia akasema: “Hivi wewe, bahari ipo, pori lipo, sisi kila wiki tunatazama ukuta wa baa. Kwani tumefungwa?”

Nikaona ana hoja. Mkoko ninao, Suzuki Jimny ya milango miwili, injini ya 1.3. Inapanda popote. Tatizo ni moja tu: mkikaa watu wanne, nafasi inayobaki nyuma inatosha kuweka mkate. Hema, magodoro, maji, mkaa na sufuria utaviweka wapi? Juu ya paa ukirundika sana, gari linayumba kama mlevi.

Ndipo likanijia wazo la tela. Sisemi yale makubwa ya makontena yanayotutesa Barabara ya Mandela. Nasema tela dogo la magurudumu mawili, unalifunga nyuma ya gari, mnakwenda kulala ufukweni kama watalii.

Basi bwana, nikaanza kuzunguka. Huko Tegeta, pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, kuna yadi ambayo sitaitaja. Nikalikuta tela jeupe, refu, lina kitanda, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo, na mapazia ya maua. Nikapagawa! Nikajiona nimeegesha ufukweni, washikaji wamenizunguka, picha zinapigwa. Nikamuuliza muuzaji kama Suzuki yangu italiweza. Akacheka: “Kijana, hiyo inavuta hata nyumba.”

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Mimi na mchumba tuna kibubu chetu kwenye simu, tunachanga fedha za kiwanja Chamazi. Nikachomoa milioni moja kimya kimya, nikatoa kama utangulizi. Tukakubaliana nilijaribu wikiendi moja. Nikilirudisha, wanakata laki mbili. Kwa mchumba nikasema nimelikodi.

Kutoka Tegeta hadi Tandika ilikuwa ujiko mtupu. Pale Mwenge makonda wa daladala wakanipungia mikono, bodaboda wakapiga honi. Gari lilikuwa linakohoa kila likiondoka kwenye taa, na breki ilitaka mguu mzito. Mimi nikajiambia ni foleni tu hiyo.

Jumamosi alfajiri tukapakia. Madumu manne ya maji, gunia la mkaa, magodoro, sanduku la barafu, meza na viti. Mlango wa tela uko nyuma, basi na sisi tukajaza nyuma. Ndani ya gari tulikuwa watatu: mimi, mchumba, na mdogo wake wa darasa la tano ambaye hakulala usiku kucha kwa furaha. Safari ni Kigamboni, lakini kwa njia ya Mbagala na Kongowe, ili tuepuke foleni ya kivuko.

Anayeifahamu Barabara ya Kilwa anajua kwamba ukishaipita Mbagala Rangi Tatu kuna mteremko wa kushuka kwenye daraja la Mto Mzinga, halafu unapanda Kongowe. Tulipoanza kushuka, nikasikia kitu kinatusukuma mgongoni. Nikatazama kioo: tela linacheza, kushoto, kulia, kushoto. Mbele yetu kuna lori la mchanga. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, na hilo likawa kosa la pili. Tela likaja ubavuni kama linataka kutupita, Suzuki ikageuzwa pua, usukani ukawa wa kwake, si wangu.

Sijui niseme nini, msomaji. Mungu tu. Tulitoka nje ya lami, tairi zikazama kwenye mchanga wa pembeni, tukasimama tumelalia upande, mita chache kabla ya daraja. Vumbi likatufunika. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza mihogo akampa mtoto maji. Yule mtoto akanitazama: “Shemeji, ndiyo tumefika?”

Mchumba akashuka, akalizunguka tela mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Hili umelikodi shilingi ngapi?” Nikashindwa kudanganya mara ya pili. Nikasema yote. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alimshika mdogo wake mkono, wakavuka barabara, wakapanda daladala la kurudi mjini.

Nililirudisha tela mwendo wa kobe, na laki mbili zikakatwa. Nyingine laki nane nikazirudisha kwenye kibubu siku ile ile. Siku kumi na tatu kila nikipiga simu, haipokelewi. Ya kumi na nne ukaingia ujumbe: “Bado nataka kulala baharini. Ila safari hii hesabu tunapiga wote.”

Hesabu zenyewe zilitupeleka Temeke, upande wa Keko, kwa mzee mmoja fundi wa kuchomelea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Shida gani?”

Nikaeleza. Akauliza gari linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Nikajibu kwa majivuno kwamba linavuta sana tu. Akatikisa kichwa: “Kijana wangu, sijauliza linavuta nini. Nauliza linasimamisha nini. Kuvuta kila gari linavuta. Kazi iko kwenye kusimama.”

Nikaduwaa. Kumbe jibu lilikuwemo kwenye kitabu cha gari, nami sijawahi kukifungua. Kwa Jimny, watengenezaji wametoa viwango viwili: tela lenye breki zake linaweza kufika kilo 1,300, lakini lisilo na breki mwisho ni kilo 350, pamoja na mzigo wake. Lile jeupe la Tegeta halikuwa na breki, na lilikuwa na kilo 700 kabla hatujaweka hata kijiko. Suzuki yenyewe ina tani moja na kidogo. Yaani nilikuwa nimefunga nyuma yangu gari jingine lisilo na dereva!

Mzee akachukua chaki akachora sakafuni. Boksi la urefu wa mita 2, upana mita 1.2, kimo nusu mita, pamoja na mfuniko, linakula bati la mita za mraba kama 8. Bati la chuma la milimita 3 lina kilo kama 24 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati peke yake ni kilo 190 hivi. Ukitumia la milimita moja na nusu, unashuka hadi 95 hivi. “Umeona? Karibu kilo mia zimekaa kwenye unene tu, wala hujapakia kitu. Watu wanapenda tela zito wakidhani ndilo imara. Uimara uko kwenye fremu na springi.”

Mfuniko nao akashauri tuweke turubai. Mchumba, ambaye muda wote alikuwa ananakili kwenye daftari, akauliza kuhusu kitanda na jiko la ndani. Mzee akamjibu: “Binti, hema linatosha. Nyumba mnayo mjini.”

Wala si ushamba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, zile jeep za jeshi la Marekani zilikuwa na kitela chao cha kubeba robo tani tu, na magurudumu yake yalikuwa sawa na ya jeep yenyewe. Pancha ikitokea, tairi moja la akiba linaokoa pande zote mbili. Huko huko Marekani, kuanzia miaka ya 1930, watu wa kipato cha kawaida walikuwa wanajiundia vitela vidogo vyenye umbo la tone la chozi: ndani kitanda tu, jiko liko nyuma chini ya mfuniko. Ramani zake zilichapwa magazetini. Kwa hiyo fundi wa mtaani hafanyi maajabu mapya.

Nasi tukafuata njia hiyo. Fremu ya skwea paipu, ekseli moja, springi za kirikuu zilizopunguzwa majani ili zisiruke ovyo, tairi za saizi ya Suzuki. Fundi akapiga rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, maana chumvi ya bahari haina undugu. Likavutwa hadi kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu: kilo 187. Mchumba akatoa kwenye 350, akaandika kwa kalamu nyekundu: “MZIGO MWISHO 163.” Madumu ya maji yakawa mawili badala ya manne, maana lita moja ni kilo moja, na dumu la lita 20 halina mjomba. Meza ikabaki nyumbani.

Halafu likaja suala la kupanga. Mzee alitufundisha kwamba vizito vikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, na kichwa cha tela kiiegemee ndoana ya gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kikiwa chepesi, tela litatikisa mkia kama lile la Tegeta. Tukamkodi yule kijana wa mtaani anayepima watu uzito kwa mizani ya kukanyaga, tukaweka kichwa cha tela juu yake: kilo 33. Kijana akasema huyo mteja wake ana afya mbaya. Tukacheka wote watatu, na ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa, japo si moja kwa moja.

Jumamosi iliyofuata tukapita Barabara ya Kilwa tena. Kabla ya mteremko wa Mzinga nilipunguza mwendo mapema, nikaingiza gia ya pili, mguu mbali na breki. Mchumba alishika kishikio cha mlango bila kusema neno. Mdogo wake, aliyeomba mwenyewe kuja, alifumba macho. Tela likatufuata nyuma kama mbuzi mpole. Tulipoanza kupanda Kongowe, mtoto akafumbua jicho moja: “Tumepita?” Tumepita, shemeji.

Kongowe tukakata kushoto, Kibada, Mjimwema, hadi Gezaulole. Kigamboni yote hii zamani ilikuwa ndani ya Temeke kabla ya kupewa wilaya yake. Tukaomba ruhusa kwa mwenyeji, tukalipa kidogo, tukapunguza upepo wa tairi kutoka 30 hadi 18 ili tusizame mchangani. Hema tukalisimamisha juu ya alama ya maji kujaa, chandarua ndani. Samaki akachomwa, chai ikachemka, na usiku hapakuwa na spika hata moja. Asubuhi mtoto alikuwa wa kwanza majini.

Mwenyeji wetu ndiye aliyetueleza jina la kijiji. Gezaulole, kijiji kilichovuma enzi za ujamaa miaka ya 1970, ni maneno ya Kizaramo: jaribu uone. Mchumba akanigeukia. “Umesikia? Jaribu kwanza. Halafu ndiyo ulipe.”

Sasa wewe unayetaka kufuata nyayo, chukua haya ya haraka. Fungua kitabu cha gari kabla ya kufungua pochi. Likivuka kiwango cha tela lisilo na breki, tafuta lenye breki zake au liache. Tela nalo husajiliwa na kupewa namba, kwa hiyo ulizia TRA na bima kabla fundi hajawasha moto. Taa za nyuma ziwake zote, na mnyororo wa akiba uwepo. Kurudi nyuma usipaniki: shika usukani kwa chini, mkono uupeleke kule unakotaka tela liende. Likianza kucheza ukiwa kwenye mwendo, usikanyage breki kama mimi. Achia mafuta taratibu, usukani uushike sawa. Ukitoka baharini osha kwa maji baridi, na grisi ya beringi usiisahau.

Kiwanja cha Chamazi bado tunakidai kibubu. Kitela kimekula sehemu, ingawa nafuu mara nne ya lile jeupe. Ila kuna badiliko moja: namba ya siri ya kibubu siku hizi anaijua yeye peke yake. Nimeridhika.

Tukutane wiki ijayo.