Rafiki Asiyeonekana wa Miche ya Bujumbura

Mgeni aingiaye Bujumbura kwa njia ya bandari huvutwa kwanza na Ziwa Tanganyika, kisha na milima ya Kongo iliyosimama ng'ambo ya maji. Mji huu, ulioitwa Usumbura hadi miaka ya 1960, uliikabidhi Gitega hadhi ya makao makuu ya siasa mwaka 2019, lakini ungali moyo wa biashara ya Burundi. Umelala katika tambarare ya Imbo, ambako joto huwafaa miembe, michungwa na mipapai. Katika mtaa kama Buyenzi, ambamo Kiswahili ndicho lugha ya barazani, mwembe mmoja uani ni kivuli, ni tunda, na ni akiba ya nyumba.

Ukipanda milima iliyo mashariki ya mji, udongo hubadilika. Mahali pengi una uchachu mwingi, na madini ya chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu. Mche hukaa karibu na chakula usiweze kukila. Majani hudumaa, na fedha ya mnunuzi hupotea.

Hata hivyo, maumbile yameweka msaidizi. Ni kuvu ndogo ziishizo ndani ya mizizi, zikitandaza udongoni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi haufiki, zikauletea mti fosforasi na madini mengine. Mti nao huzilipa sukari iliyotengenezwa na majani. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliuita ushirika wa kuvu na mizizi mikoriza.

Thamani yake ilidhihirika ilipokosekana. Huko Marekani, wenye vitalu vya michungwa walifukiza udongo kwa dawa ili kuua magonjwa. Ajabu, miche ikadumaa. Mwaka 1972 watafiti walionyesha kwamba dawa ile ilikuwa imeua na kuvu njema pia.

Ndugu msomaji, yafaa nini nyumbani? Usichome udongo wa kitalu bila sababu. Chota udongo wa juu, wenye vijizizi, chini ya mti wa matunda wenye afya. Uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha tia konzi moja ya udongo huo chini ya mizizi ya mche ndani ya kiriba. Atakaye akiba na apande mtama au mahindi katika udongo huo kwa miezi mitatu au minne, halafu akate mizizi na kuitumia pamoja na udongo wake. Kabichi haifai kazi hiyo, kwani haishirikiani na kuvu hizi. Mbolea ya fosforasi nayo isizidi, maana mti ulioshiba huacha kumlisha msaidizi wake.

Lakini tahadhari: mparachichi unaokauka kuanzia vileleni huenda una ugonjwa wa kuoza mizizi. Udongo wake usihamishwe kamwe, kwa kuwa utapeleka adui pamoja na rafiki.

Askari huhamishwa, na jamaa yake hufungasha vyombo; mti hubaki. Mche ulioshika vema leo katika ua wa nyumba ya serikali utawalisha watoto wa familia itakayofuata, kama vile miembe mikubwa ya Bujumbura inavyotulisha sisi tusioipanda.