Pumziko Nalo Liandikwe katika Kalenda



Kila mwezi wa Septemba, kabla ya kuingia darasani, mwalimu wa Kongo huketi mezani, huchukua programu ya Serikali na kuigawanya katika majuma ya mwaka mzima. Kazi hiyo walimu twaiita previzioni. Sisi tuliokabidhiwa kuwaandaa walimu hapa Lubumbashi tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba somo lisilopewa juma lake halitafundishwa. Anayetumaini kwamba nafasi itapatikana tu, hufika Juni na nusu ya kitabu. Twawaambia pia waweke majuma ya marudio, maana programu iliyojazwa pomoni huvurugika mara mvua kubwa za Januari zinapowazuia watoto kufika shuleni.

Tafakari yetu ya leo ina neno moja: pumziko nalo ni somo la mwaka, na lisipopewa juma lake, halitafika. Twalisema kwenu vijana kwa sababu wengi wenu mmeanza kazi juzi tu, na mazoea ya kazi hujengwa katika miaka ya kwanza.

Katika mazingira yetu pumziko huhesabiwa kuwa masalio: kile kinachobaki baada ya kazi, baada ya shamba, baada ya kilio cha jirani, baada ya mazoezi ya kwaya. Na kwa kuwa hakuna kinachobaki, hatupumziki. Mtu akipata likizo, ile ambayo mtaani twaiita konji, jamaa zake hufurahi kuliko yeye mwenyewe: sasa ana nafasi, atasimamia ujenzi wa nyumba ya mjomba. Walimu nao husubiri vakansi kubwa za Julai na Agosti, kumbe hiyo ndiyo miezi ya kutafuta sare na madaftari ya watoto wao. Huyu anafundisha masomo ya ziada, yule anauza makala, mwingine anafyatua matofali maadamu ni kiangazi. Septemba inawakuta wamechoka kuliko walivyokuwa Juni.

Tulimfahamu mwalimu kijana, katekista mwenzetu. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, alasiri aliwasomesha watoto wa majirani ili aongeze kipato, Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa na wakatekumeni, Jumamosi kwaya, Dominika alisimamia watoto katika Misa ya kwanza. Kila alipoombwa jambo alijibu ndiyo, na jina lake likawa la kwanza katika kila orodha. Mwaka wa kwanza alikuwa moto. Mwaka wa pili alianza kuwakaripia watoto kwa makosa madogo, na kusema kwamba kufundisha na kutofundisha ni mamoja. Mwaka wa tatu, katikati ya Kwaresima, alirudisha vitabu pamoja na ufunguo wa chumba cha katekesi. Hakupoteza imani, kwa maana hadi leo twamwona katika Misa, kwenye benchi lililo karibu na mlango. Alipoteza nguvu. Nao wakatekumeni wake, waliobakiza majuma machache tu kabla ya Ubatizo wa Pasaka, waliachwa bila mwalimu waliyemzoea.

Hali hiyo inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza kwamba uchovu huu unaoteketeza hutokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu usiotunzwa vema. Halikuuita ugonjwa, bali hali itokayo kazini, nalo lilitaja alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na uwezo wa kutenda kupungua. Katika habari za mwalimu yule alama zote tatu zilikuwepo. Usingizi wa usiku mmoja hauziondoi, wala vakansi moja ya mwisho wa mwaka hailipi deni la miezi kumi. Hakuna anayekula mwezi Januari chakula cha kumtosha hadi Desemba. Mwili hulishwa kila siku. Pumziko nalo ni vivyo hivyo.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya, aliyekuwa ameshinda juu ya mlima Karmeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakuanza kwa kumpa mafundisho. Alimwacha alale; malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji; akalala tena; akaamshwa tena ale, kwa kuwa mwendo uliokuwa mbele yake ulizidi nguvu zake. Ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na huko akapewa utume mpya. Usingizi na mkate vilitangulia utume.

Injili ya Marko, sura ya 6, yatupa funzo la pili. Mitume wanarudi kutoka utume wao wa kwanza, na watu wanaokwenda na kurudi ni wengi hata hawapati nafasi ya kula. Yesu anawachukua katika mashua waende mahali pa faragha wapumzike. Lakini umati unawatangulia kwa miguu, naye anawahurumia, anawafundisha na kuwalisha. Wengi wetu huishia hapo na kusema: mnaona, hata Bwana aliacha kupumzika. Tuendelee kusoma. Mara tu umati uliposhiba, Yesu aliwatuma wanafunzi watangulie kwa mashua, akawaaga watu, akapanda mlimani peke yake kusali. Pumziko lililokatizwa halikufutwa. Lilipewa saa nyingine siku ileile.

Kanisa nalo limeyaweka haya katika mafundisho na sheria zake. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba kiasi cha pumziko kifuate uzito wa kazi, na kwamba majira ya mwaka yazingatiwe. Tena aliwataja wanaochimba mawe na madini chini ya ardhi, kwamba saa zao ziwe pungufu kwa sababu kazi yao inadhuru afya. Vijana wa Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Hata paroko, ambaye twadhani kazi yake haina mwisho, anaruhusiwa na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 533, kuwa likizoni hadi mwezi mmoja kila mwaka, mfululizo au kwa vipande, na siku za mafungo yake ya kiroho hazihesabiwi humo. Shikeni maneno yale: kwa vipande. Pia tambueni kwamba mafungo na likizo ni vitu viwili. Kijana anayetumia likizo yake yote kuongoza kambi ya Kiro au Xaveri amefanya jambo jema, lakini hajapumzika.

Sheria ya nchi nayo inasema. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mwenye zaidi ya miaka 18 angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili wa utumishi, na siku huongezeka kwa kila miaka 5 anayotimiza kwa mwajiri yuleyule. Maana yake, mwaka wa kwanza mtu ana siku 12 kwa uchache. Si nyingi, na ndiyo sababu haifai kuzitumia ovyo.

Basi tufanyeje? Tufanye kama mwalimu na previzioni yake. Chukueni kalenda ya mwaka mzima, ile iliyo tupu bado, na kwanza mtie alama kwenye majuma mazito. Kwa mwalimu ni majuma ya mitihani. Kwa katekista ni Kwaresima na Juma Takatifu. Kwa familia yenye shamba ni kupanda mahindi mvua zinapoanza na kuyavuna zinapokwisha. Majuma hayo hayana pumziko refu, na tusijidanganye. Kisha, baada ya kila kipindi kizito, andikeni siku za kupumzika, kwa wino. Mwenye siku 12 aweza kupatana na mwajiri wake, kwa mfano, azigawe hivi: siku 3 baada ya Noeli, siku 4 baada ya Oktava ya Pasaka, na siku 5 katika baridi ya Julai. Zaidi ya hizo, kila mwezi Jumamosi moja isiyo na mkutano wala mazoezi. Na kila juma, Dominika ibaki Dominika: Misa, chakula pamoja na watu wa nyumbani, na alasiri ambayo haikuahidiwa mtu.

Msizihesabu sikukuu za Serikali zote kuwa pumziko. Tarehe 30 Aprili, siku ya elimu, walimu wana sherehe zao. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi twatembelea makaburi ya wazee wetu. Ni siku njema, lakini zina wajibu wake.

Twasikia swali la wale wasio na mkataba: anayeendesha pikipiki, anayeuza sokoni, anayechimba kwa mikono. Kwao siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Hatuwezi kulipita swali hilo kwa maneno mazuri. Twajua kijana mmoja wa kwaya, mwendesha pikipiki, aliyeamua kuweka pembeni franka 500 kila siku ya kazi. Kwa siku 25 alipata franka 12,500, zikalipa chakula cha nyumbani kwa siku moja ya mwezi ambayo pikipiki ilisimama. Wenzake watatu walipoona hivyo, wakaanzisha likelemba: fedha zinakusanywa, na kila juma mmoja wao hupokea na kupumzika siku yake. Mama zetu wamenunua masufuria na mabati kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Siku ya kupumzika nayo ina bei, na bei hulipwa kidogo kidogo.

Likelemba yatufundisha jambo jingine: zamu. Mara nyingi hatupumziki kwa sababu hakuna wa kushika nafasi yetu. Katekista asiye na msaidizi hawezi kuugua, sembuse kupumzika. Kwa hiyo kalenda ya pumziko isiandikwe na mtu mmoja chumbani mwake. Kikundi kikae pamoja mwanzoni mwa mwaka na kila mmoja ataje siku zake, kisha kila siku iandikwe na jina la atakayemshikia kazi. Hapo hakuna atakayeitwa mvivu, kwa kuwa anayepumzika leo ndiye atakayefanya kazi kesho ili mwenzake apumzike.

Na kilio kikitokea siku ya pumziko? Twende. Hatuwezi kuishi kama watu wasio na jamaa. Lakini jioni ileile, tukirudi nyumbani, tuifungue kalenda na kuipa siku iliyopotea tarehe nyingine. Bwana alifanya hivyo baada ya umati kushiba.

Kanisa letu litawahitaji mkiwa na miaka 30, 40 na 50, na watoto watakaobatizwa miaka hiyo wanawategemea ninyi. Linawataka mfike huko mkiwa bado mnawapenda watoto mnaowafundisha.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Katika mwaka wetu, majuma mazito ni yapi, na baada yake tumeandika nini?

2. Ni nani kati yetu ambaye jina lake liko katika kila orodha? Nani atamshikia kazi mwezi ujao?

3. Wenzetu wanaoishi kwa kipato cha siku kwa siku, tutawasaidiaje wapate siku moja ya kupumzika?