Jembe la Mgeni

Mwalimu alitupa zoezi la kueleza maana za neno «mgeni». Wenzangu waliandika vizuri: mtu tuliyemwalika, mtu tusiyemjua, mtu wa nchi nyingine. Mimi nilikaa na karatasi tupu, kwa sababu kila nilipoandika neno hilo nilimwona mzee mmoja wa Masisi. Watu walimwita Musenegali, ingawa alizaliwa Mali. Aliwasahihisha kwa miaka mingi, kisha akaacha. Sisi watoto tulimwita Alhaji. Jina lake kamili nawaachia wanawe.

Alifika Kongo katika miaka ya 1960, akafanya biashara Kisangani pamoja na watu wengine wa Afrika Magharibi waliovutwa na almasi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwafukuza wafanyabiashara hao, naye akaondoka na sanduku moja. Baada ya miaka kadhaa alirudi kupitia Bujumbura. Safari hii hakutaka mji mkubwa. Alipanda milima kutoka Sake hadi Masisi, akafungua duka la vitenge, chumvi na betri.

Hakuna aliyempigia kura awe kiongozi. Wageni wa Afrika Magharibi waliopita kwetu walifikia nyumbani kwake, akawatafutia chumba, akawasindikiza ofisini kwa ajili ya karatasi, akaamua ugomvi wao wa madeni. Ila kazi iliyomfanya ajulikane ilikuwa kuzika. Mtu akifa mbali na ukoo wake, nani atamchimbia? Alhaji aliweka jembe nyuma ya mlango wa duka, la kazi hiyo tu. Alizika Waislamu wenzake, halafu madereva waliopata ajali barabarani, halafu yeyote asiye na mtu. Alipenda kutukumbusha methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. «Mimi mlinipa jembe,» alikuwa akisema, «lakini hamkunipa shamba.» Alicheka, nasi tukacheka, bila kuuliza.

Mwaka 1993 vita vilianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, vikaenea Masisi. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama anasimulia kwamba watu waliouziana maharagwe wiki moja walikimbiana wiki iliyofuata. Mwaka 1998 Kivu ya Kaskazini ilipata Barza, baraza la wazee wa jamii tisa: Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wakusu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi. Alhaji hakuwa na kiti humo, na hakingeweza kupatikana. Hakuwa na mwami, hakuwa na kilima, hakuwa na kaburi la babu la kuonyesha. Lakini Mama anasema kwamba hata katika miezi ile mibaya watu wa pande mbili waliweza kusimama mbele ya meza yake ya duka, kila mmoja akingoja chumvi yake, kwa kuwa mwenye duka hakuwa na ardhi waliyoigombania.

Nisingetaka kumfanya mtakatifu. Mwaka 2002 kasiteriti iligunduliwa Bisie, katika msitu wa Walikale. Ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, kuchukua mizigo ya kwenda Goma. Alhaji naye alifungua depo Mubi, akanunua madini. Kaka yangu alikwenda huko, akabeba magunia kwa miguu msituni. Watu wenye bunduki walitoza njiani, na mnunuzi alipopanga bei, kilichobaki kwa mbebaji kilikuwa kidogo sana. Mnunuzi wa kaka yangu alikuwa Alhaji.

Mwaka 2009 shimo lilimwangukia kaka. Wenzake walitaka kumzika palepale, maana kubeba maiti katika njia ile ni kazi ya watu wengi na ya pesa. Alhaji alilipa wabebaji, wakamtoa hadi Mubi. Yeye Mwislamu, kaka Mkristo. Akamtafuta katekista, kisha akashika jembe mwenyewe, na umri ule. Baadaye alipanda hadi Masisi kutupa habari kwa mdomo wake. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka Mama alimuuliza kama marehemu aliacha deni.

«Daftari la marehemu sina, Mama,» alijibu.

Alipoondoka, Mama alisema maneno ambayo bado sijui niyaweke wapi: «Aliyemnunua kwa bei ndogo ndiye aliyemzika kwa bei kubwa.» Hakusema kwa hasira, wala kwa shukrani.

Vita vilipotusukuma tena, tulikutana na Alhaji Goma, naye amekimbia kama sisi. Alifariki mwezi wa pili wa 2024, wakati mapigano yalikuwa karibu na Sake na barabara ya kwetu imefungwa. Alikuwa ameomba alazwe Masisi, karibu na wale aliowazika. Haikuwezekana, na dini yake haipendi maiti angoje. Wanawe walitafuta vijana wa kuchimba, nikaenda. Tulikuwa Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Mmali mmoja aliyefika mwaka uliotangulia. Hatukusema lolote juu ya amani. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake aliyezikwa na mzee yule.

Mwanawe mkubwa alikuja na lile jembe. Walikuwa wamekimbia nalo. Alilipiga chini mara mbili, likaruka. Udongo wa Masisi ni laini, lakini Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Ikabidi tuazime sururu na mtaimbo kwa jirani, tukachimba kwa zamu mpaka adhuhuri. Jembe tulilitumia mwishoni tu, kurudisha juu yake ule udongo kidogo tulioupata.

Zoezi nililikabidhi siku mbili baada ya muda. Chini ya «mgeni» niliandika maana moja ambayo sikuiona katika kamusi yoyote: mtu anayejua makaburi yetu yalipo.