Barua kutoka Rusizi: Joto Linalosomwa kwa Mwanga

Dada mpenzi,

Nakuandikia kutoka Kamembe, hapa Rusizi, Rwanda, ambako wengi wangali wanapaita Cyangugu. Asubuhi mimi na mwanao tulianza na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wamekaangwa wakakauka hadi wanalia mdomoni. Sahani faranga 1,500, chai ya maziwa 500. Ungekuwapo, tungeagiza ya pili.

Kisha tukapanda pikipiki kwenda mpakani Rusizi ya Kwanza, kuwaona akina mama wanaovuka daraja la kwenda Bukavu, Kongo, na mabeseni kichwani. Mvua ikatukuta njiani. Afisa wa afya akanielekezea kipimajoto usoni: nyuzi 34.8! Akacheka, akanipa kitambaa. "Jifute, mama, tupime tena." Ikaja 36.4. Kifaa kile hakigusi mtu. Kinasoma mwanga wa infraredi unaotoka kwenye ngozi, na ngozi ikilowa hupoa.

Mwanao, mwanafizikia wetu, akapata la kunisimulia ndani ya basi la Bugarama. "Mama mdogo, kuna na vichembe vinavyopima joto kwa mwanga, vya kupimwa kwa nanomita, sehemu ya milioni ya milimita. Vikitiwa metali za erbiamu na iterbiamu, ukavimulika kwa infraredi, vinang'aa kijani." Kumbe kijani hicho kina sehemu mbili, zenye urefu wa mawimbi wa nanomita 525 na 545 hivi. Joto likipanda, ya kwanza huongezeka nguvu ikilinganishwa na ya pili. Kinachosomwa ni uwiano wao, kwa hiyo hata vichembe vikiwa vichache, joto bado linasomeka. Na mwaka 2013 watafiti wa Harvard walipima joto ndani ya seli hai ya binadamu kwa vichembe vya almasi ving'aavyo. Ndani ya seli, dada!

Tukapita mashamba ya mpunga hadi Amashyuza, kwenye chemchemi za maji moto. Bibi mmoja aliyekwisha kujitumbukiza akaniita kwa Kiswahili cha kuvuka mpaka: "Ingia pole pole, mama, utazoea." Nikazoea, viungo vikalegea. Hindi la kuchoma, faranga 200, nikalila miguu ikiwa majini.

Nimemsihi mwanao asiiache fizikia. Kipimajoto cha mpakani kinaishia kwenye ngozi. Vichembe vile vinafika ndani, ingawa bado ni kazi ya maabara. Nataka vijana wetu wawemo katika maabara hizo. Nawe njoo kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na usisahau kanga ya kuogea.