Sufuria Moja, Sala Mbili

Mwaka wa kwanza tulipangwa wanne chumba kimoja: Waislamu wawili, Mmoraviani mmoja kutoka Mbeya na mimi Mkatoliki. Hakuna aliyechagua. Jina limetoka kwenye orodha, unabeba godoro na ndoo yako, unaenda. Wiki haijaisha, mtu mmoja wa kikundi chetu cha maombi akanishauri nihame, eti nitapoa kiimani. Nilibaki. Naandika haya kwa Wakristo wenzangu ambao mwaka huu watapewa ushauri kama ule.

Kiukweli, kilichotukalisha pamoja kwanza ni bumu kuchelewa. Pesa isipoingia, kila mtu kupika msosi wake ni hasara tupu, kwa hiyo tukaanza kuchanga. Hapo ndipo dini ikaingia. Wenzetu wakasema kitimoto kisiguse sufuria ya chumba, na nyama inunuliwe kwenye bucha ambako mchinjaji ni Mwislamu. Mtu wa Mbeya akauliza: kwa nini sisi ndio tuwafuate wao?

Swali lake halikuwa la kupuuza. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulifika hadi mchungaji akauawa. Nyama kwetu si jambo dogo. Tulijadiliana jioni nzima, tukakubaliana hivi: sufuria imfuate mwenye masharti magumu zaidi, kwa sababu sisi tunaweza kula cha kwao bila kuvunja imani yetu, wao hawawezi kula cha kwetu. Anayetaka kitimoto ale huko huko nje, na asisemwe. Nao wakakubali Mmoraviani afanye mazoezi ya kwaya chumbani Jumamosi jioni, ila anyamaze wakati wa sala ya Magharibi.

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5, wenzetu wakiwa wameshaanza kufunga siku chache kabla. Wao wakiamka kula daku, mimi nilikuwa nasali rozari kitandani. Ijumaa, bila mimi kuwakumbusha, futari ilikuwa ya samaki, kwa sababu walijua siku hiyo sili nyama.

Usiku huo wa daku ndio ulioleta maswali. Mwenzangu wa Tanga alinionyesha kwamba sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam, na ndani yake kuna habari za kuzaliwa kwa Isa. Nilifurahi. Lakini tulipofika msalabani tulikwama, na mpaka leo tumekwama. Kwangu, bila Kristo kusulubiwa na kufufuka hakuna imani. Kwake, Isa hakusulubiwa. Hatukumaliza kwa kusema dini zote ni sawa, maana hilo haliamini yeye wala mimi. Pia hatukugeuza chumba kuwa mhadhara wa kurushiana aya. Nimeona mihadhara ya hivyo, mtu akishindwa hoja haongoki, anakwenda kutafuta aya nyingine ya kulipizia.

Je, huo ni woga wa kuitetea imani? Mimi naona hapana. Mwaka 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu waliwaandikia viongozi wa Makanisa duniani barua ya wazi, wakasema kuna mambo mawili tunayokutana: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Sisi Wakristo hatuwezi kulikataa hilo. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka 10, alimtolea mfano Msamaria, mtu ambaye Wayahudi wa wakati ule walimwona ana ibada potofu. Hakusema kwanza Msamaria yule abadilishe dini.

Baadaye baba wa mwenzangu alifariki. Tulichangishana usiku ule ule, nikapanda naye basi kwenda Tanga. Wakati wa kumsalia marehemu nilikaa nje ya msikiti, kwa sababu ile si sala yangu na sikutaka kuigiza. Makaburini mzee mmoja akanitazama.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe kijana ni Mwislamu?”

“Hapana mzee, mimi Mkristo. Nakaa naye chumba kimoja chuoni.”

“Haya mwanangu, shika jembe hilo, wenzio wamechoka.”

Nikafukia. Hakuna aliyeniuliza kuhusu Utatu siku ile, na sikurudi chuoni nikiwa Mkatoliki pungufu.

Kwa hiyo ukipangwa na mtu wa dini nyingine, usikimbilie kuhama. Anza na sufuria. Muulize kwake halali ni nini, umwambie na wewe mfungo wako ukoje. Saa za sala za kila mtu ziandikwe ukutani. Mabishano ya aya yasubiri mpaka mmekula pamoja mwezi mzima, na yakifika, sema unachoamini bila kukilainisha.

Juzi mwenzangu kaniuliza, inakuwaje Mungu ni mmoja halafu Baba, Mwana na Roho. Nimemwomba wiki mbili nikasome vizuri. Mwenye maelezo mazuri anitafute kantini, chai juu yangu, bumu likiingia.